Pazia la Mama Fusae Halipo Mlangoni

Sisi watu wa gatini hapa Hachinohe, Japani, jioni yetu huanza na pazia la Mama Fusae. Akilitundika mlangoni, baa imefunguliwa: tunaingia, ngisi wanakatwa, sake ya kwetu, pombe ya mchele, inapashwa moto. Lisipokuwepo, huingii hata ukiona taa inawaka. Ndiyo adabu yetu. Sasa jioni ile ya theluji halikuwepo. Tukajibanza kwenye benchi la nje, kila mtu na kahawa yake ya kopo kutoka kwenye mashine ya vinywaji ya pembeni. Mimi ni kinyozi. Mzee Kurokawa tunamwita Injini, maana ametengeneza mashine za meli maisha yake yote. Minegishi aligombea udiwani mara moja akaangushwa vibaya, jina la Diwani likambakia. Sote watatu tunaishi peke yetu.

— Amefunga moja kwa moja, akasema Injini. Na aliyemfungisha tunamjua.

— Mbona unaniangalia mimi? Diwani akauliza.

— Jana nani alimwambia ngisi wake mgumu kama mkanda wa suruali?

— Ule si utani tu, bwana.

— Utani gani? Mama wa watu alipangusa kaunta akasema amechoka. Lini umemsikia Fusae akisema amechoka?

Kweli hatujawahi. Nikajaribu kupoza mambo.

— Labda ameenda Sendai kwa bintiye.

— Sendai wapi, akasema Diwani. Ameuza. Juzi nimemwona jamaa wa suti anapiga picha hapa. Watatuletea duka la keki.

— Yule alikuwa anampiga picha paka, nikasema.

— Ndivyo wanavyoanza.

— Hamjui kitu nyie, Injini akadakia. Anaolewa na yule mgane anayepika sake kiwandani. Hamwoni anavyotumiminia mpaka kikombe kinafurika kwenye kisahani?

— Anafurisha hivyo tangu una nywele, nikamwambia. Na mimi ndiye niliyekuwa nazinyoa.

— Basi subiri. Watahamia Hawaii, wafungue baa ufukweni, watalii wale ngisi wetu kwa nanasi.

— Na chupa zetu anazotuwekea je? nikauliza. Yangu iko rafuni, ina jina langu shingoni. Mwenye baa hafungi kabla hajawarudishia watu chupa zao.

— Huenda amezimwaga baharini, akasema Diwani taratibu. Kwa kunikasirikia mimi.

Akalizungushazungusha kopo lake mkononi.

— Tangu mke wangu afariki sijawahi kula chakula cha jioni nyumbani. Hata sijui nitaanzia wapi.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Hapo akapita Khanh, binti wa Kivietinamu aliyeanza kazi majuzi kwenye kiwanda cha kugandisha samaki.

— Shikamooni. Mbona mmekaa kwenye baridi?

— Mama Fusae amefunga, nikamjibu.

— Na ile taa? Kwani mmegonga?

Injini akanitazama mimi, nami nikamtazama Diwani.

Diwani akainuka, akagonga kwa kidole kimoja. Mlango ukasukumwa upesi, Mama Fusae huyo, macho mekundu.

— Nilidhani mmenihama, akasema. Nimepasha sake mara mbili inapoa.

— Lakini pazia, mama, nikasema.

— Nimelifua, lilikuwa linanuka moshi wa samaki. Halijakauka. Ndiyo mkagande nje kwa ajili ya kitambaa? Ingieni. Na wewe binti, ingia.

Moyo wangu ukatulia kabisa, nikacheka peke yangu. Ndani kulikuwa na joto, na sahani zetu zimeshapangwa kauntani.

— Mama, jana mimi, akaanza Diwani.

— Jana goti liliniuma. Keti.

Akaketi. Vidole vilikuwa vimemfa ganzi kwa baridi, akashindwa kushika kikombe. Mama Fusae akamshikia mpaka akamaliza kunywa.