Barua Iliyokuwa Nyuma ya Ukurasa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkutubi Mkuu, walimu, wanafunzi, wageni waalikwa, na wewe shangazi uliyenionya nisiseme sana: habari za asubuhi.

Leo nastaafu, na majarida yangu ya zamani, mia nne na kumi na mawili, yanaingia chumba hiki kipya cha maktaba. Ndani ya majarida hayo watu wanabishana: mke aende ofisini? Msichana asome hadi wapi? Wiki iliyopita mjumbe mmoja wa Bodi, ambaye namheshimu, aliniomba niondoe barua za wasomaji zinazowadharau wanawake kabla mabinti hawa hawajazisoma. Nilikataa, na leo nakataa tena mbele yenu.

Nikiwa na miaka kumi na saba, fundi cherehani mmoja aliandika jaridani, kwa mwezi wa pili mfululizo, kwamba mwanamke akishika mshahara, nyumba huota nyasi. Damu ilinichemka. Nilichukua mkasi wa mama, nikaikata barua ile, nikaitia motoni, nikajiona shujaa. Sikugeuza hata karatasi.

Miaka ishirini baadaye mama, akiwa kitandani mgonjwa, akaniuliza, "Barua yangu uliwahi kuisoma? Nilitumia jina la kubuni, baba yako asijue." Akanitajia toleo na ukurasa. Nikaenda kufungua, nikakuta tundu. Barua ya mama ilikuwa mgongoni mwa ile ya fundi. Mama alifariki sijaisoma, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nililitafuta toleo lile kwa wauza vitabu kuukuu, nikapekua hadi chini ya magodoro ya watu. Mwishowe nikabisha hodi kwa fundi mwenyewe. Alikuwa nalo, safi kabisa.

"Nilitunza barua yangu, mwanangu," akaniambia. "Ya mama yako ilipata lifti tu."

Mama alikuwa amemjibu hoja yake ya mwezi uliotangulia: "Fundi, nyasi zikiota, hata mume ana mikono ya kung'oa."

Je, ningempata mama bila mpinzani wake? Nani kati yetu anajua kilichoandikwa nyuma ya asichokipenda? Basi humu halikatwi neno. Mwenye kupinga alete kalamu, na mabinti hawa wana akili za kujibu wenyewe.

Mwenyekiti, niwie radhi, utepe hutaukata wewe. Baba fundi, simama, uje. Mkasi wa mama ndio huu.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Fundi, kata, tuingie tukabishane.