Chifu Brandvold na Nguo za Verna

Miaka thelathini na mbili kazini. Tarehe 30 Juni Chifu Colleen Brandvold anarudisha bastola na beji, anatuacha hapa Hifadhi ya Taifa ya Tamsen. Ana miaka hamsini na saba. Askari wa serikali kuu akifika hapo lazima astaafu, hata kama mlimani bado anatuacha nyuma wote.

Alianzia getini, msichana wa Dakota Kaskazini, kofia kubwa kuliko kichwa. Halafu doria. Halafu miaka sita ya kufukuza majangili. Wakampeleka Washington, ofisini. Alisema madirisha ya huko hayafunguki. Akarudi. Tangu hapo ndiye Chifu, mkuu wa askari wa hifadhi: askari, zimamoto, ambalansi na waokoaji, wote wako chini yake. Hapa Tamsen ni mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo.

Wengi mnakumbuka alivyolisimamisha gari la mkurugenzi wetu wa zamani kwa kosa la mwendo kasi.

"Colleen, si unanijua?"

"Nakujua, bosi. Ndiyo maana sijakuuliza jina."

Akamwandikia faini.

Mimi kazi yangu njia za miguu. Koleo na sururu. Nitasema moja ninalolijua.

Oktoba moja mke wangu Verna alipotea. Alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine alinisalimia kama mgeni. Alfajiri alitoka nyumbani, akaingia kwenye ukungu. Watu arobaini na mbwa wakamtafuta kutwa kucha, wanaita jina lake. Kimya. Baridi inazidi.

Asubuhi ya pili Chifu akaja jikoni kwangu, akavua kofia.

"Walt, kabla hujamuoa, asubuhi alikuwa anakwenda wapi?"

"Kazini. Alikuwa anafua mashuka pale hoteli ya juu."

"Hoteli iliungua zamani, mzee."

"Kwake haijaungua."

Akavaa kofia. Kisha akasema tumekosea: kelele zote zile, sare zote zile, Verna anaogopa, anajificha. Akaamuru watu wanyamaze, mbwa warudi.

"Chifu, tukinyamaza halafu ikawa siyo, huyu mama amekufa," msaidizi wake akamwambia.

"Najua. Wanyamaze."

Tukapanda wawili. Pale palipokuwa na hoteli sasa ni majani na vichaka tu, na ukungu ulikuwa umelala juu yake, mweupe, hauendi popote. Verna alikuwa katikati, miguu mitupu, anaanika. Soksi zake, sweta, kitambaa cha kichwa, vyote juu ya matawi. Nilitaka kukimbia. Chifu akanishika mkono. Akavua jaketi lake lenye beji, akamsogelea polepole.

"Na hili, dada?"

"Umechelewa," Verna akamwambia. "Lete."

Akalianika, akalinyoosha mabega. Chifu akampa skafu. Akampa glavu, moja moja. Amebaki na shati, anatetemeka, hana haraka. Matawi yakajaa nguo. Nikaona kama hoteli ipo, na mashuka yanapepea.

"Zamu imeisha, dada. Twende tukanywe kahawa."

Verna akamshika mkono. Wakashuka, mimi nyuma na nguo.

Aliishi miaka minne zaidi. Alifia kitandani kwake, dirisha wazi, nimemshika. Miaka minne hiyo alinipa Chifu Brandvold.

Asante, Chifu. Wote wa Tamsen tunakuombea siku ndefu na nzuri. Lala mpaka jua lipande. Tukipotea, tutatafutana wenyewe, tena kimyakimya.

Walt Pruszynski, kikosi cha njia za miguu