Aliyenyoosha Mgongo Kwanza

Ingieni wote, na huyo aliyesimama mlangoni atafute pa kukaa, maana sitasema mara mbili. Mzee Thadeus wa kanisa yuko hapa na kalamu yake, na ninasema kwa Kiswahili makusudi, ili karatasi hii isomwe mbele ya chifu kama ilivyo, asije mtu akasema mimi Nyaboke nilitafsiriwa vibaya. Duncan mwanangu, weka simu chini. Beverlyne binti yangu, acha kulia, utalia nikimaliza.

Juzi mlidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu, Duncan, na nilikusikia ukimwambia dada yako kwamba nikishazikwa utamrudisha mke wako Phanice kwao Marani, kwa sababu mke asiyeweza kupalilia hata mstari mmoja amekuwa mvivu, na kwamba yuko mwingine umemkodishia nyumba huko Kisii mjini, mwenye mgongo mzima. Sikushangaa, niliona aibu. Hilo neno mvivu ulilisikia kwangu, ndani ya jikoni hii, na kabla sijafa nataka nilirudishe mahali lilipotoka.

Mnaijua sheria ya shamba letu. Bonareri, mama mkwe wangu, ndiye aliyeniwekea. Tukipalilia, mama wa nyumba na mke wa mwanawe wanaanza mstari pamoja, na wa kwanza kunyoosha mgongo ndiye anayebeba ndizi siku ya soko. Tena si kikapu cha ndizi. Ni mkungu mzima, kutoka kule chini mtoni hadi juu barabarani, na enzi zangu hapakuwa na boda boda ya kukungoja, ulienda nao mpaka soko la Ekerenyo. Bonareri alikuwa na mgongo wa chuma, hakunyooka hata siku moja mbele yangu, na nilibeba mikungu yake mpaka alipokufa. Nilimchukia, na leo pia bado namchukia, Mungu anisamehe. Lakini tulipomzika sikuizika sheria yake. Niliiweka vizuri, nikakaa nikimngoja mke wa Duncan.

Phanice, mama, inua uso unisikie, maana hili sijamwambia mtu. Unakumbuka nilivyokuwa nikikuacha katikati ya mstari, nikikuambia naenda kujisaidia kule kwenye migomba? Sikuwa naenda kujisaidia. Nilikuwa nalala chali juu ya majani makavu, nimekunja magoti, nimeuachia mgongo wangu ushikwe na ardhi mpaka maumivu yatulie, kisha nasimama, najinyoosha mara mbili tatu nikiwa nimejificha, narudi na kuinama karibu yako nikiwa mpya. Na wewe uko palepale nilipokuacha, umeinama. Ulipochoka ukanyooka, nilicheka nikakuambia mimi mzee nimekushinda, wewe umeletwa hapa kula. Ukabeba. Ulibeba hata na mimba ya Linet, mwezi wa saba, na nilisimama mlangoni nikikutazama ukipanda kile kilima.

Thadeus, andika. Usinitazame, andika kama nilivyosema.

Mgongo wa Phanice ulipokataa kabisa ni mimi niliyempeleka kwa daktari, kwa sababu wewe Duncan ulikuwa na mkutano. Daktari alitazama picha ya mgongo wake kwa muda mrefu, akaniuliza mimi, huyu amekuwa akibeba nini? Nikamjibu, kazi za kawaida tu za nyumbani. Akaanza kutufundisha palepale, kwamba mtu asiiname saa nzima bila kunyooka, kwamba kitu kizito ukichuchumalie na kukiinua kwa miguu kikiwa kimekugusa tumbo, si kukivuta kwa kiuno, na kwamba ndoo mbili za nusu, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja iliyojaa. Phanice alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Mimi niliangalia sakafu. Hakuna alichosema nisichokijua. Mwili wangu ulikuwa umenifundisha kwenye migomba miaka mingi, na yale nilijizuia hata kumnong'onezea mke wa mwanangu, nisije nikabeba ndizi.

Sasa wewe Duncan, unayetafuta mgongo mzima. Unakuja hapa kila mwisho wa mwezi umeshika kiuno, na kazi yako ni kukaa. Unakaa umejikunja mbele ya kompyuta tangu asubuhi, simu umeibana kwa bega, na hilo pochi lako nene la mfuko wa nyuma umelikalia linakupindisha upande mmoja, halafu unaniomba nikukande mafuta. Nilikukanda. Sikukuita mvivu. Litoe hilo pochi, weka miguu yote miwili chini, uegemee kiti, na kila saa uinuke utembee hata kama ni kwenda kuchungulia dirishani. Ukishindwa kufanya hivyo ndani ya ofisi, kwenye kivuli, usije ukampima mtu aliyeinama kwenye mtelemko huu na jua mgongoni.

Andika urithi. Shamba la majani chai kando ya mto liko kwa jina langu, na nampa Phanice. Si mke wa Duncan, ni Phanice, kwa jina lake na kitambulisho chake, akae hapa awepo mume au asiwepo, na akiajiri wa kumpalilia asiulizwe na mtu. Migomba ni ya Beverlyne, na wewe Beverlyne gunia la sukari pale dukani kwako Suneka ulichuchumalie, nimekuona unavyoliinamia, na usiligeuzie kiuno likiwa mikononi, geuza miguu. Duncan, nyumba hii ni yako. Ukimtoa Phanice ndani yake, basi hukuipata kwangu, na Thadeus ni shahidi.

Nipeni maji kidogo.

Nyuma ya mlango wa jikoni kuna jembe la Bonareri, lile la mpini mfupi. Aliukata mwenyewe ili mtu asipate pa kunyookea. Mpini huo uchomeni, mchemshie chai ya watakaokuja kunililia. Linet, mjukuu wangu, wewe utachongewa mwingine unaokufika kifuani, na kila mwisho wa mstari utasimama wima, uangalie mto. Akija mtu akuambie unachelewesha kazi, mwambie ni nyanya yako aliyesema. Na hiyo simu uiinulie usoni, shingo yako isije ikawa kama yangu.

Jeneza langu... kilima mnakijua. Wabebe wanane, si wanne wenye kutafuta sifa. Wapige magoti kwanza, wainuke pamoja. Sitaki mtu aumie kwa ajili yangu tena.

Nimechoka, wanangu. Niliwapenda vibaya wengine, na mmoja sikumpenda kabisa, naye ndiye amenigeuza kitandani miezi mitano hii akiwa amefunga kiuno kwa leso ili aweze. Phanice, sikuombi unisamehe leo. Utaona mwenyewe, ukiwa kwenye chai yako.

Duncan, niinue nikae. Si hivyo, usiniinamie. Goti chini. Nisogeze kifuani kwako... sasa inuka kwa miguu. Umeona. Mke wako amekuwa akifanya hivi kila asubuhi.

Nyasae abasesenie, nyote, awabariki hata wewe. Thadeus, nipe karatasi nitie kidole gumba. Hapo.

Phanice, simama mbele yangu. Mimi bado nimeinama, unaniona. Nyooka, mama. Nyooka wewe kwanza... Ndizi atabeba Duncan.