Mashine Iwake Nje: Risala ya Wazazi wa Zamu

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha kazi zako ukaja kutufungulia jengo letu jipya, mwenyekiti wa karakana, fundi mkuu, mafundi wetu wa kike na wa kiume, wazazi wenzangu, nanyi majirani mnaovumilia kelele zetu kutwa nzima: shikamooni wakubwa zetu, na wengine hamjambo.

Mimi ni mama wa fundi mmoja hapa. Wenzangu wamenichagua niandike na kusoma risala hii kwa sababu, wanavyosema wao, mwandiko wangu unasomeka na sauti yangu inasikika hata injini ikiwa inanguruma. Shule yangu iliishia ya msingi. Nikikwama mahali nivumilieni, msinicheke kabla sijamaliza.

KARIBU KWETU

Mheshimiwa, karibu sana, na ujisikie uko nyumbani. Kiti ulichokalia, meza iliyo mbele yako, geti uliloingilia, hata nguzo zinazoshika hili turubai juu ya kichwa chako, vyote vimechomelewa hapa hapa na watoto wetu. Kitikise hicho kiti, usiogope. Hakilii.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianza kwenye ua wa kupanga, na mashine ndogo ya kuchomelea iliyotegemea umeme wa mtaani. Umeme ukikatika, mafundi walikaa kwenye vyuma vyao wakipiga soga. Ukirudi, wanarukia kazi kama wamefukuzwa. Baadaye wakajikusanya, wakanunua mashine ya kuchomelea yenye injini yake, ya dizeli, inayojitengenezea umeme. Siku ilipoingia uani ikiwa juu ya gari, tulipiga vigelegele kama tumeletewa bibi harusi. Na kweli ilileta heri. Ina magurudumu, inavutwa hadi penye kazi. Wakaanza kupata kazi za mbali: vyuma vya daraja, minara ya matangi ya maji, mapaa ya shule.

Kisha ikaja ile siku ya mvua. Naomba niieleze, mheshimiwa, maana bila hiyo siku sisi Wazazi wa Zamu tusingekuwepo, na ombi letu la leo hutalielewa.

Mvua ilinyesha asubuhi nzima na geti la mteja lilikuwa halijaisha. Mashine hii haitaki maji. Anayechomelea akiwa amelowa na mashine imelowa, umeme humrukia yeye. Hilo mafundi walilijua. Wakaona bora waisukume ndani ya stoo, waiweke karibu na mlango, mlango wazi, bomba la moshi likiangalia nje. Kila mtu aliona ni akili nzuri. Binti yangu, huyu mnayemwita Cheche, ndiye aliyekuwa ndani akimalizia lile geti.

Mimi nilikuwa nimemletea nguo kavu. Nikamkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kinga ya uso iko mapajani. Nikamwita, "Cheche!" Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa chake. Akaniambia, "Mama, niache nilale kidogo."

Mheshimiwa, huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kulala mchana. Akiwa mdogo nilikuwa nambembeleza mpaka nalala mimi. Nikapiga ukelele. Fundi mkuu akaingia mbio, akamvuta kwa makwapa hadi nje, mvua ikamnyeshea. Mwenzake akazima injini. Nami nimesimama pale roho mkononi, nguo kavu zimeangukia matopeni.

Daktari alituelewesha. Alisema moshi wa injini una sumu isiyo na harufu wala rangi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, na mtu anadhani amechoka tu. Akasema mlango kuwa wazi haukutosha, na dirisha nalo lisingetosha. Injini isiwashwe ndani, basi. Na kama angeachwa alale kidogo kama alivyoomba, leo nisingekuwa nasoma risala.

TUNAYOJIVUNIA

Kuanzia hapo wazazi tulikaa, tukaongea, tukakata shauri. Anayechomelea amefunika uso, haoni kitu isipokuwa ule mwanga mbele yake. Haoni cheche inayorukia matambara, haoni mtoto wa jirani anayepita, haoni upepo ukigeuza moshi. Basi lazima awepo mtu mwenye macho matupu na mikono isiyo na kazi nyingine. Mtu huyo ni sisi. Tunapokezana. Wa zamu anakaa kwenye benchi, ana ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, na kazi yake ni kutazama tu. Hafumi wala hachambui mchele, na hapokei simu.

Vijana walitucheka sana mwanzoni. Walisema, "Karakana nyingine zina mafundi, hii yetu injini ina mama mkwe!" Cheche mwenyewe aliniuliza mbele ya watu, "Mama, umekuja kulinda mashine au kunilea?" Nikamjibu, "Vyote viwili. Funga hicho kitambaa cha kichwa vizuri, feni haichagui." Maana feni ya injini na mkanda wake vikishika ncha ya nguo, vinamvuta na mwenye nguo. Hapa mfuniko wa feni haufunguliwi injini ikiwa inazunguka, na mtandio unaachwa kwenye msumari pale mlangoni. Mtauona umejaa mitandio ya rangi zote. Hata mheshimiwa mwenyewe, ile tai yako tutaiomba uichomeke ndani ya shati kabla hujasogelea mashine, utusamehe.

Tunajivunia pia subira yetu ya mafuta. Mafuta hayaongezwi injini ikiwa inawaka, wala ikiwa imezimwa sasa hivi na bado ni ya moto. Inazimwa, inaachwa ipoe, sigara zinakaa mbali, mafuta yanatiwa, kilichomwagika kinafutwa, ndipo inawashwa. Wateja hawapendi. Kuna bwana mmoja alinifokea, "Mama, yaani geti langu linakungoja wewe umalize kikombe chako cha chai?" Nikamwambia, "Injini inapoa, baba. Na wewe poa." Akacheka, akaomba na yeye chai. Siku hizi ndiye anayetuletea wateja.

Mvua ikianza, kazi inasimama. Waya wenye jeraha hautumiki mpaka ubadilishwe. Glavu zilizolowa zinaanikwa, hazivaliwi. Na kabla injini haijaguswa, wa zamu anauliza kwa sauti, "Moshi unakwenda wapi?" na fundi anaonyesha kwa mkono. Asipoweza kuonyesha, haiwashwi.

Kwa hayo yote, mheshimiwa, tangu ile siku ya mvua hakuna fundi wetu aliyeanguka wala kuungua. Wanatoka nyumbani wazima, wanarudi wazima, wana njaa na wananuka chuma. Tunafurahi kuwafulia. Karakana za mbali sasa zinatuma watu kuja kutazama tunavyokaa kwenye benchi. Wanakuja wakidhani kuna ufundi mkubwa, wanakuta mama amekodoa macho. Na Cheche, yule wa "niache nilale," leo ndiye anayefundisha wenzake, na ndiye aliyechaguliwa kuchomelea kiungo cha kwanza mbele yako.

LINALOTUWEKA ROHO JUU

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mwenyekiti aliniambia nilipitie haraka haraka. Mwenyekiti, nisamehe, nitalipitia polepole.

Jengo ni zuri. Tunashukuru kutoka moyoni, na mjenzi amefanya kazi ya kiume. Ndani yake, kando ya ukumbi wa kuchomelea, kuna chumba cha mashine chenye mlango wa chuma. Hatumlaumu yeyote kwa chumba hicho. Karakana yenyewe ndiyo iliyokiomba, kwa sababu ya wezi. Lakini kiko ndani. Dirisha lake linafungukia ukumbini, wanakovuta pumzi watoto wetu. Na mashine sasa hivi imo humo, imefungwa utepe, mafuta yamejaa. Ratiba inasema mheshimiwa uiwashe humo, Cheche achomelee ukumbini, wapiga picha wapige picha.

Tulipouliza, tukaambiwa, "Jamani, ni dakika chache tu, kwa ajili ya picha."

Mheshimiwa, picha hiyo itatundikwa ukutani. Kila fundi mpya atakayeingia atamwona mgeni rasmi anawasha injini ndani, na huyo mama wa kwenye benchi atamzuia kwa lipi? Akisema toa nje, ataonyeshwa picha. Itakuja mvua nyingine, itakuja kazi nyingine ya haraka, na ndani patakuwa pamesharuhusiwa na mkubwa.

Na hao wezi tumewawazia. Mafundi wetu wamechomelea kizimba uani, mbali na milango na madirisha yote. Nguzo nne, paa la bati, pande zote ni nondo tu, upepo unapita utakavyo. Mlango una kufuli mbili, na hizo nondo, mwizi akija na msumeno kutakucha bado anasugua. Moshi unaelekea kwenye uwanja mtupu. Nyaya zimepitishwa ukutani hadi ukumbini, kwa hiyo Cheche atachomelea ndani kwa raha na injini itanguruma nje. Mjenzi mwenyewe alitusaidia kupima. Fundi mkuu amekikagua akasema kimesimama.

OMBI LETU

Tuna ombi moja. Mengine, kama glavu na mtungi wa pili wa kuzimia moto, tutayaandika siku nyingine.

Tunaomba ratiba ibadilike sasa hivi, kabla hujainuka kwenye kiti. Mafundi wanne wamesimama pale mlangoni, wanangoja neno lako moja tu waivute mashine hadi kizimbani na utepe wake. Hicho chumba kiwe stoo ya vyuma, na mlangoni paandikwe kwa ruhusa yako kwamba injini haiwashwi humu. Picha ipigwe nje, ionekane anga juu yako. Hiyo tutaitundika kwa furaha.

Ufunguo wa kuwashia unakaa kwa mzazi wa zamu, na zamu ya leo ni yangu. Huu hapa. Kwa heshima zote, ndani siupeleki. Nikishasoma jina la kikundi chetu nitashuka hapa jukwaani nielekee uani, nikusubiri pale kizimbani. Nitakukabidhi kwa mikono miwili, nami nitakuuliza kama ninavyomuuliza fundi yeyote, moshi unakwenda wapi. Utanyoosha mkono kuonyesha, kisha utawasha.

Mungu akulinde njiani uendako na nyumbani urudiko, awape wanao wote pumzi ndefu, na akujalie mikono inayojenga bila kuchoka.

Ni sisi, Wazazi wa Zamu wa Karakana.