Abner Onsongo, Aliyekataa Trela Zitoke

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama Omosa na watoto, wakwe zetu, majirani na wenzetu mliotoka Kisii mjini na kando ya ziwa, haya ni maisha ya Abner Onsongo Obwocha, yanasomwa na mdogo wake Ishmael kwa niaba ya familia, na wenye kijitabu mkononi wakiona mahali fulani msomaji ameacha kilichochapishwa, wamvumilie, kwa maana Abner mwenyewe aliwahi kutuomba uvumilivu mkubwa kuliko huo.

Abner alizaliwa tarehe 14 Juni 1966 hapa karibu na Nyamarambe, mtoto wa tatu wa mzee Obwocha na mama Nyaboke, na tangu utotoni alikuwa na tabia ya kuchosha ya kutoamini kitu mpaka akishike, hata mama alipomtuma kumfunga ng'ombe alirudi mara tatu kuivuta kamba ileile. Alianza darasa la kwanza mwaka 1973, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1979, akamaliza kidato cha nne Novemba 1983, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mjini Kisii Januari 1984, akatoka huko Desemba 1985 akiwa fundi wa magari makubwa.

Mwaka 1986 aliajiriwa kutengeneza trela za miwa upande wa ziwa, akakaa huko miaka kumi na sita, mpaka tarehe 3 Juni 2002, Ishmael alipomwita Kisii awe mkaguzi wa trela zake tano zinazobeba majani chai kutoka Nyamira hadi Mombasa, uamuzi ambao Ishmael aliujutia wiki hiyohiyo, kwa sababu kufikia Ijumaa nne kati ya hizo tano zilikuwa zimesimama. Kila asubuhi alitandika gunia chini ya trela, akaingia na tochi, akagonga nati za magurudumu moja moja huku akisikiliza, akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye matangi ya upepo, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira ya breki akingoja kuona kama litachemka panapovuja upepo, na alipomaliza alimwamuru dereva alale kwenye gunia lilelile arudie yote, akisema dereva ndiye anayekaa mbele ya mzigo. Trela iliyomkera aliiandikia kwenye fomu ya ukaguzi neno moja tu, ISITOKE, hata madereva wakamwita hivyo.

Wateja walipiga simu kuulizia mizigo yao, Ishmael akaenda kumweleza kwamba breki za trela aliyoizuia zilifika Mombasa wiki iliyopita na zikarudi salama, naye Abner akamjibu kutoka chini ya ekseli, bila hata kutoa kichwa, kwamba basi bahati moja ameshapewa, anataka ngapi. Madereva nao walibuni ujanja wa kusaini fomu za mwezi mzima kwa siku moja, na alipoletewa tarehe tisa fomu inayosema taa za nyuma ziko sawa tarehe ishirini na nane, aliibandika kwenye mlango wa ofisi hadi siku hiyo ikafika, na taa hizo zilikuwa zimekufa. Kufanya kazi na mtu wa namna hiyo kulichosha sana.

Alifunga ndoa na Ruth Nyamoita Jumapili tarehe 20 Desemba 1992, saa mbili baada ya wakati uliopangwa, kwa kuwa bwana harusi alikuwa chini ya gari la kumleta bibi harusi, na suti aliyoazimwa ilirudishwa ikiwa na grisi mgongoni. Walijaliwa watoto watatu, Omosa, Kerubo na Ashley, ambao hakuna aliyeruhusiwa kupanda pikipiki kabla baba yao hajaikagua.

Mnamo Agosti 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Hapa kijitabu kinaruka moja kwa moja hadi kwenye shukrani, na kamati ya mazishi iliona hivyo ndivyo vyema, lakini kuna yaliyorukwa. Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 Abner alisimamisha trela iliyokuwa ikivuja upepo kwenye breki za nyuma, na kesho yake, Abner akiwa hospitalini tangu saa kumi na mbili asubuhi, Ishmael alichoka kungoja kipuri, akachukua fomu mpya, akaweka alama kila mahali, akatia sahihi ya kaka yake, akamwambia dereva Fred Owiti kwamba mzee aliipitisha alfajiri. Fred hakuingia chini siku hiyo, kwa kuwa aliiamini sahihi hiyo kuliko macho yake. Kwenye mteremko wa kuingia Masimba breki zilikataa, naye akaugongesha uso wa gari kwenye ukingo wa udongo asiingie stejini kwenye watu waliokuwa wakingoja magari, hakufa mtu, ila mguu wake ulivunjika mara mbili.

Alhamisi polisi walimletea Abner fomu hiyo kitandani, na mwandiko huo aliujua, maana yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kuandika. Hakusema kwamba asubuhi ile ya Jumanne alikuwa hospitalini na sindano mkononi, aliirudisha fomu na kuuliza mguu wa Fred unaendeleaje. Mpaka leo faili ya polisi inasema mkaguzi alizembea, na hata kwenye matanga haya wapo walionong'ona kwamba ugonjwa ulimlegeza mzee. Miaka ishirini na miwili hakuniachia hata taa iliyopasuka, Abner, halafu hilo ndilo ukaamua lipite, na nimekukasirikia kwa hilo usiku na mchana. Alifariki Jumapili tarehe 27 Aprili 2025, saa tisa alasiri, Ruth akiwa kando yake, na mimi nikiwa sijapata ujasiri wa kuingia chumbani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioleta ndizi, kuni na viti bila kuitwa, wafanyakazi wa yadi walioegesha trela zote wiki hii, pamoja na Fred, aliyefika na magongo yake na kuketi mstari wa mbele ingawa hakuna aliyemtarajia. Jumatatu saa mbili asubuhi mimi na yeye tutakwenda kituo cha polisi, niandikishe kilichotokea kwa mkono wangu na kwa jina langu mwenyewe. Pumzika, kaka, kwa amani.