Matofali Ishirini Kila Mwanachama

Kijiwe cha kahawa cha Bugarama kinatazamana na tawi jipya la SACCOS, na asubuhi hiyo hakuna aliyetaka kulitazama. Ukuta wa mbele, uliojengwa kwa matofali na udongo badala ya saruji ili kubana matumizi, ulifika usawa wa dirisha ukapinda mgongo. Fundi aliweka mwiko chini: bila mifuko kumi ya saruji ya kusawazishia, haendelei. Fedha iliyobaki ni ya bati tu, na bodi imeshatamka: mvua zikikuta jengo halijaezekwa, tawi linakwenda kijiji jirani cha Murukulazo. Idefonsi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa na kikombe cha tatu mkononi na hamu ya kugombana.

— Pimamaji la yule fundi ni bovu! alifoka.

— Siyo pimamaji, Mwenyekiti, alisema Philbert, aliyeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kuwachotea maji wajenzi wa barabara. Ardhi imehama. Kule barabarani tuliiona kwa macho.

— Ihame iende wapi, Burundi? aliruka Manirakiza, Profesa wa kijiwe. Hao ni watu wa Murukulazo. Wakija sokoni wanaegemea ukuta wetu. Huyu kidogo, yule kidogo.

— Wee! Waegemee wangapi mpaka upinde? aliuliza Idefonsi.

— Siku ya soko wanatosha kabisa.

— Basi tuondoe madirisha, uzito upungue, alisema Injinia. Keshia anahitaji kitundu tu cha kupitisha mkono.

— Na ukuta wenyewe, Injinia? aliuliza Profesa.

— Uache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeshajenga, ufa unatuhusu nini?

Idefonsi alicheka nao, lakini moyo ulimuuma. Wazo la matofali lilikuwa lake. Kabla ujenzi haujaanza, alisimama baada ya misa akatangaza kwamba kila mwanachama alete ishirini, chama kisinunue hata moja. Alipigiwa makofi mpaka akalala anatabasamu.

Bibi Dafroza alifika akisukuma baiskeli iliyolemewa na mzigo.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Mniwie radhi, nilikuwa nauguza. Ishirini yangu haya hapa. Ila kalibu ya kufyatulia ya marehemu mume wangu ni ndogo, ya jirani ni kubwa, na kila nyumba ina yake. Kipimo cha chama ni kipi?

Injinia alichungulia kikombe chake. Profesa aliinama kufunga kamba za viatu, naye amevaa ndala.

Idefonsi aliutazama ukuta. Kwa mara ya kwanza aliona tofali nene limekalia jembamba, na jembamba limebanwa na fupi, ukoo kwa ukoo. Alitaka kulisingizia pimamaji tena, akaona aibu.

— Bibi, kipimo sikutoa, alisema. Kosa ni langu.

— Sasa nirudi nayo?

— Hapana, shusha.

Alivua koti, akalitundika kwenye usukani wa baiskeli.

— Injinia, Profesa, inukeni! Ni udongo tu ule, tunaubomoa na matofali yanatoka mazima. Tutayapanga kwa saizi, kila ukuta na kalibu yake. Saruji ya nini?

— Mwenyekiti, kahawa je? aliuliza Profesa.

— Imeisha, alisema Idefonsi, akamwaga kikombe chake kilichojaa.