Sauti ya Swichibodi: Bi Sifuri na Kanda ya Wodi Saba

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Bi Sifuri atavua hedifoni, atazima taa ya meza yake na kutoka kwenye kile chumba cha simu kilicho chini ya ngazi, akiwa ameitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne na miezi saba. Katika muda wote huo amekosa kazini siku kumi na moja tu. Siku tatu kati ya hizo alikuwa amelazwa humu humu, wodi ya wanawake, na hata huko alikuwa akimtumia vikaratasi vya maelekezo yule aliyemshikia zamu.

Kwa walioajiriwa juzi juzi: jina la Bi Sifuri alilipata kwa sababu ukikwama kwenye simu unabonyeza sifuri, na ukibonyeza sifuri unampata yeye. Mwenyewe hakulichukia. Vikaratasi vyake vyote huvitia sahihi ya duara moja, basi.

Katibu wa hospitali ndiye aliyeniomba mimi wa eksirei niandike maelezo haya. Alisema, “Wewe ndiye unayemfahamu. Si mlikuwa bendi moja?” Ni kweli, tulikuwa bendi moja. Ndiyo maana ukurasa huu nimeuandika mara nne, na mara tatu za kwanza nilikuwa nadanganya.

Tuanze na kazi. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na mitano, enzi za ubao wa mbao wenye matundu arobaini na nyaya zinazoning'inia kama tambi. Wiki ya kwanza alishika namba za vyumba vyote kichwani. Wiki ya pili alishika sauti za watu. Daktari mkuu wa upasuaji wa wakati ule alipiga simu asubuhi moja kuomba faili, akasema “haloo” tu, na Bi Sifuri akamjibu, “Daktari, una homa. Nakupeleka kwenye faili au kwenye kitanda?” Alipopimwa alikutwa na malaria.

Namba yetu ilitofautiana tarakimu moja na ya kampuni fulani ya mabasi, kwa hiyo kila siku watu walipiga kuuliza basi la saa mbili limeondoka au la. Mwingine angewakatia. Yeye alikwenda stendi siku yake ya mapumziko, akanakili ratiba nzima kwenye kipande cha boksi, akakitundika ukutani. Kwa miaka sita watu walisafiri kwa maelekezo ya hospitali bila kujua. Siku kampuni ilipobadilisha ratiba bila kumwarifu, alikasirika kama mtu aliyevunjiwa heshima kazini.

Na mwaka ule dhoruba ilipoangusha nguzo, simu zote zikanyamaza kuanzia alfajiri mpaka jioni. Bi Sifuri alivua viatu, akawa yeye ndiye waya: wodi ya wazazi kwenda benki ya damu, benki ya damu kwenda chumba cha upasuaji, anapanda ngazi anashuka, ujumbe kaubeba mdomoni neno kwa neno. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa ni muuguzi hapa hapa, wodi ya watoto. Muulizeni.

Sasa nije kwenye bendi.

Miaka ishirini na miwili iliyopita tulikuwa watatu. Mimi nilipiga gitaa, mtunza stoo ya dawa alipiga besi, na dereva wa ambulensi, ambaye wote mlimwita Breki, alipiga dramu. Tulipiga bluzi iliyotiwa roki, muziki wa kulalamika kwa nguvu, na tukajiita Wodi Saba kwa sababu hospitali ina wodi sita. Tulifanya mazoezi Jumapili mchana kwenye jengo la zamani la kufulia. Mwimbaji nilikuwa mimi. Sauti yangu ni nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo, lakini gitaa lilikuwa langu na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Jumapili moja tukiwa katikati ya wimbo, kipaza sauti cha korido kikaita: “Daktari wa zamu, wodi ya watoto. Daktari wa zamu.” Sauti nzito, yenye mikwaruzo, isiyo na haraka. Breki akasimamisha vijiti hewani. “Jamani,” akasema, “mnasikia tunachokikosa?”

Tulishuka wote watatu hadi chini ya ngazi kwenda kumwomba. Alitusikiliza huku akiunganisha simu mbili, kisha akauliza, “Nyimbo zenu zinahusu nini?” Mtunza stoo akasema zinahusu mapenzi. Akacheka. “Nyinyi watu wazima mnaamkia hospitali kila siku, halafu mnaimba mapenzi tu?”

Wiki iliyofuata alikuja na maneno yake kwenye daftari. Wimbo ulioipa albamu yetu jina, “Usikate”, ni wake toka mwanzo hadi mwisho. Unahusu mtu aliyepiga simu kumuulizia mgonjwa wake, akaambiwa asubiri, naye akasubiri, anasikia viatu vya watu vikipita upande wa pili wa waya na hakuna anayerudi kumjibu. Mambo hayo aliyasikia kila siku ya Mungu. Sisi tulikuwa tunafanya kazi hospitali hiyo hiyo na hatukuwahi kuyasikia.

Tulirekodi nyuma ya duka la fundi redio mmoja, mablanketi yamepigiliwa ukutani ili mlio usirudi. Nyimbo nane; sita aliimba yeye, mbili mimi. “Usikate” aliimba mara moja tu, miguu mitupu, kwa sababu viatu vyake vililia kwenye ubao. Alipomaliza fundi alizima mashine, akasema, “Hii haturudii.” Breki alinikumbatia kwa furaha. Na mimi nilimkumbatia, ila Bi Sifuri sikumtazama. Wimbo ule nilikuwa nimeujaribu wiki mbili nzima, fundi akaniambia turudie, turudie, turudie.

Bi Sifuri hakuomba chochote ila kimoja. “Picha ya jalada mkipiga, niwemo. Nataka nimwonyeshe mama.”

Nikapanda ofisi ya wauguzi wakuu, nikaisoma karatasi ya zamu kwa kidole, nikachagua Jumatano asubuhi, siku ambayo nilijua hawezi kunyanyuka mezani. Tukasimama mbele ya ambulensi, watatu, mikono kifuani. Breki aliuliza, “Na Bi Sifuri?” Nikamwambia yuko zamu, na mpiga picha ana nafasi leo tu. Mpiga picha alikuwa na nafasi wiki nzima.

Kanda zilipotoka alikuja kuchukua yake, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akasema asante. Akarudi kazini.

Miezi miwili baadaye “Usikate” ikawa inapigwa redioni, na mwandishi wa gazeti akapiga simu hospitali kunitafuta. Bi Sifuri ndiye aliyemuunganisha, kwani hakukuwa na njia nyingine ya kunifikia. Nilikuwa chumba cha giza, filamu za eksirei zinaning'inia zinakauka. Mwandishi akauliza mengi, mwisho akauliza, “Ile sauti ya mwanamke ni ya nani?”

Nilisema hivi, nayaandika kama yalivyonitoka: “Ah, kuna mama mmoja tu wa hapa swichibodi. Tulimwita atupigie pigie kelele kidogo. Si mwanamuziki.”

Gazeti likaandika kwamba mwimbaji na mtunzi wa Wodi Saba ni mimi. Sikukanusha.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Siku ile ile, nilipoweka simu chini na kuinyanyua tena kumpigia Breki, nilimkuta Bi Sifuri bado yuko kwenye waya. Akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, “Samahani, nilikuwa bado sijachomoa. Plagi ya laini ya nje imelegea, ukiiachia simu inakatika. Nilikuwa nimeishikilia kwa kidole mpaka umalize.”

Nikamwomba aniunganishe na karakana, kwa Breki. Akaniunganisha.

Onyesho letu la kwanza la ukumbini tulipiga bila yeye. Tulipomwalika alisema ana zamu, na safari hiyo sikwenda kutazama karatasi ya zamu. Nilipoanza kuimba “Usikate” watu walinivumilia ubeti mmoja, kisha wakaanza kuinuka kwenda kununua soda. Breki alipiga dramu mpaka mwisho bila kunitazama, akafungasha vyombo vyake, akasema, “Mimi kesho nina safari.” Kabla mwaka haujaisha, bendi ilikuwa imekufa.

Bi Sifuri aliendelea na kazi. Alihamia kwenye mashine ya vitufe, kisha kwenye kompyuta. Alifundisha wasaidizi tisa, na watatu kati yao leo ni wakuu wa vitengo vya mawasiliano kwingineko. Alianzisha daftari la ndugu wanaosubiri majibu, ili asiwepo mtu wa kusahaulika kwenye waya, na daftari hilo sasa ni utaratibu rasmi wa hospitali. Alitunukiwa cheti cha mfanyakazi bora mara nne. Mimi, kila siku kwa miaka ishirini na miwili, niliinua simu nikasikia, “Eksirei, habari za leo,” na kila siku nikajibu nzuri.

Mama yangu mzazi alipofariki, simu kutoka nyumbani ilipita kwake kwanza. Hakuniunganisha. Alimwomba mtu amkalie mezani, akapanda ngazi ghorofa mbili, akanikuta chumba cha giza, akafunga mlango na kuniambia mwenyewe, akiwa amenishika mkono. Nilitaka kumwomba radhi pale pale. Lakini nilikuwa nalia kwa ajili ya mama, na niliona aibu kuchanganya vilio.

Wiki iliyopita nilishuka chini ya ngazi na karatasi yangu ya tatu, ili ahakiki tarehe. Aliisoma akiwa amevaa miwani. Pale kwenye bendi nilikuwa nimeandika kwamba “alishiriki pia katika burudani za wafanyakazi”. Alipofika hapo alinirudishia karatasi.

Nikamwambia, “Bi Sifuri, siku ile ya gazeti ulinisikia.”

“Nilisikia. Laini ilikuwa safi.”

“Nimekuwa nikitaka kukuomba radhi.”

“Miaka ishirini na miwili?” Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza mgonjwa ameanza kuumwa lini. “Maneno ya gazetini yaliniuma wiki moja, yakapita. Kilichoniuma ni ile picha. Nilimpelekea mama kanda, nikamwambia hawa ndio sisi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akaisogeza dirishani, akaitazama, akanitafuta. Akasema, ‘Mbona sikuoni, mwanangu?’ Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga picha.”

Nikaikunja karatasi yangu.

“Akafurahi sana,” akasema. “Aliwaambia majirani kwamba mwanawe anaimba na kupiga picha pia. Alikufa akijua hivyo.”

Taa ikawaka mezani. Akapokea, akamwambia mtu asubiri, akaandika kwenye daftari, akanigeukia.

“Andika ilivyokuwa. Na usiniandikie kwamba nimekusamehe. Hilo likiwa tayari nitakuambia mwenyewe, namba yako naijua.”

Basi nimeandika ilivyokuwa. Mtunza stoo, ambaye alishastaafu, ameisoma karatasi hii na kusema hakujua habari za picha wala za simu. Aibu hii asigawiwe. Breki tulimzika miaka mitatu iliyopita, na msibani alikuja Bi Sifuri mapema kuliko mimi. Breki naye hakujua, ila nadhani alihisi.

Kwa vijana mliokuwa mkidhani ule wimbo wa redioni niliuimba mimi: sikuuimba mimi, na wala sikuutunga. “Usikate” ni maneno ya Bi Sifuri, na sauti ni ya Bi Sifuri. Nimelipelekea gazeti lile barua ya kueleza hivyo, nayo imetoka Jumanne, ukurasa wa tisa, chini ya tangazo la magodoro.

Nilipomuuliza atafanya nini baada ya Ijumaa, nilitegemea kusikia habari za bustani na wajukuu. Akanieleza kwamba ana miaka minne sasa anaimba na kundi jingine. Hukutana kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu: walimu wawili, mshona viatu mmoja na yeye. Wanapiga bluzi. Wamesharekodi nyimbo tano, na jalada lao lina sura yake katikati, anacheka. Hatukujua, kwa sababu hatukuuliza.

Nikamwambia, na hapa msinicheke, kwamba kama wanahitaji mpiga gitaa, mimi vidole bado vinafanya kazi.

“Mpiga gitaa tunaye,” akasema. “Tena ni mzuri.”

Bi Sifuri, kwa niaba ya wodi zote sita, maabara, jikoni, karakana na chumba cha giza: asante kwa kila simu uliyoishikilia isikatike. Nenda ukaimbe, uwe na afya, na siku zako ziwe ndefu na zenye kelele za kutosha. Siku ya onyesho lenu tuambie mapema. Tutakuja, tutakata tiketi kama watu wengine, tutakaa kwenye viti na kusikiliza.